Mgeni, Angalia Msumari

Kengele yetu ni rimu ya lori
iliyotundikwa kwenye mkorosho, nyuma ya jengo.
Ukiisikia mara ya kwanza, usikimbie.
Ya kwanza inawaamsha wanakwaya,
ya pili inamkumbusha mwinjilisti,
ya tatu ndiyo ibada, nayo huchelewa
kama mwezi ni huu wa kupulizia mikorosho.

Ndipo wanaume huingia na nyusi za njano,
salfa ingali masikioni. Utapiga chafya.
Piga tu. Hapa Kitangari chafya haimkatizi Mungu.

Karibu. Mimi Ditram, mshika mlango,
ingawa mlango wenyewe ni turubai
mpaka chama cha msingi kitulipe korosho za mwaka jana.
Keti popote, ila benchi la tatu, mwisho wa kushoto,
lina msumari. Umekwisha kula kanga mbili
na suruali ya katibu kata.
Vikao vinne tumeazimia upigwe.
Nyundo ninayo mimi.

Bibi Rustika atakugeukia, atakuuliza ukoo
kabla ya jina. Ukisema u Mngoni, ole wako,
utani utatangulia sala.

Wanakwaya ni wanane, sauti ni tatu,
na kinanda kinakula betri ya pikipiki ya Issa,
jirani yetu wa msikitini. Akipata abiria wa Newala
anakuja polepole, anavua kandambili,
anachomoa nyaya zake, anatuomba radhi kwa mkono,
nasi tunamalizia ubeti kwa makofi.
Mwezi wa Ramadhani ni sisi tunaomchotea maji.

Mwinjilisti Chilumba hana saa.
Ataanza kwa Kiswahili cha chuoni, kimepigwa pasi,
na neno likimchoma atahamia Kimakonde bila kuaga.
Usihangaike kuelewa. Watazame akina mama:
wakiinamisha vichwa, na wewe inamisha.

Matangazo ni marefu kuliko mahubiri.
Mbuzi wa Nantindi, mwenye baka shingoni, hajaonekana.
Stakabadhi za korosho zimefika, pesa hazijafika.
Kisha utasimamishwa. Usijifiche nyuma ya nguzo,
nguzo zetu ni nyembamba.
Taja jina, taja utokako, tutakupa makofi matatu,
na mtoto mmoja atacheka, wa kwangu yule, mjukuu.

Baada ya sadaka kuna mnada:
mbaazi, mhogo, jogoo aliyefungwa miguu.
Hapo usijikune kichwa.
Mkono ukipanda tu, jogoo ni wako.

Ukipewa kikombe cha maji, kimalize.
Ndoo hiyo imepanda mlima tangu alfajiri
juu ya kichwa cha binti wa miaka kumi na mbili.
Hata maji ya ubatizo hatuyamwagi ovyo;
ile michungwa mitatu pale nje ina majina ya watoto.

Mimi sikuja hapa kusali.
Nilikuja kubeba jeneza, warefu walikuwa wamepungua.
Nikaketi benchi la tatu, mwisho wa kushoto,
nikainuka kwa wimbo, nikasikia: chwaa.
Aliyekuwa nyuma yangu akanong'ona, «Usigeuke.»
Akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni,
akanishona palepale, nimesimama, watu wanalia,
na vidole vyake vilikuwa baridi.

Skolastika. Miaka thelathini na mmoja.
Msalaba wake ni ule wa simenti, wa pili toka ukuta,
bado haujapakwa chokaa.

Basi ukiuliza kwa nini nyundo i kwangu
na msumari ungali palepale,
waulize wengine, watakuambia Ditram ni mvivu.

Hiyo ni ya pili.
Ingia kabla watoto hawajajaza mkeka.
Angalia msumari.
Au basi, kama uko peke yako duniani, usiuangalie sana.