Ramani ya Kilnadreen

Walinipa penseli kwa sababu mwandiko wangu unasomeka,
na kwa sababu mimi si wa hapa.
Miaka thelathini na mbili nimeolewa Kilnadreen,
nimezika wakwe, nimezaa watatu, nimekamua ng'ombe wao
kwenye baridi inayokata masikio,
na bado wakinitaja husema, Yule wa Leitrim,
kana kwamba Leitrim iko ng'ambo ya bahari
na si ng'ambo ya kilima kile pale, penye kondoo.

Ukumbi wa parokia. Jumanne. Mvua.
Si mvua ya kunyesha; ni ile ya kukaa tu hewani
kama mtu aliyesahau alichokuja kusema.
Tukaitandaza ramani ya serikali juu ya meza ya tenisi,
pembe tukazibana kwa birika, kwa kopo la biskuti,
kwa kiatu cha mtu.
Serikali imeandika namba. Sisi tunataka majina.
Kila kipande kilichozungushiwa mawe kina jina, alisema Mwalimu Concepta,
na wenye majina wanakufa kwa mafungu.

Basi wakaanza kuita, nami nikaandika.
Shamba la Kisima. Goti la Mjane.
Ekari Tatu, ambazo hazijawahi kufika tatu.
Shamba la Kesi: ndugu wawili wa ukoo wa Geraghty
waliliuza ili wawalipe mawakili
waliowatetea wasiliuze.
Bwawa la Farasi, ambapo hapana bwawa, na farasi alikuwa punda.
Malachy Tuohy akabishana na binamu yake kuhusu ukuta
uliosogezwa hatua mbili mwaka wa theluji kuu;
wakaitana waongo, taratibu, huku wakipokezana sukari.
Nikajua siku ile kwamba mteremko ninaoupita kila alfajiri
huitwa Mgongo wa Ndama, na ni kweli,
ukiutazama toka dirisha la jikoni umelala, unacheua.

Kisha kidole changu kikafika kando ya kinamasi,
pale wanapokata mboji ya moto wa majira ya baridi:
kipande kisichozidi ukumbi huu,
mawe madogo yamechomoza kama meno ya kwanza,
miiba, waridi-mwitu. Hapalimwi. Hapalishwi.
Na hapa?

Vijiko vikaacha kuzunguka.
Mtu akasema keki ni nzuri.
Mwingine akasema ndiyo, ni nzuri.
Concepta akatazama mikono yake.

Fachtna Durkan huja mikutanoni kwa ajili ya joto.
Hukaa karibu na jiko, kofia gotini,
chai haiombi wala haikatai.
Sijapata kumsikia akimaliza sentensi.
Akasimama. Kusimama kwenyewe kulichukua muda.

Nyumbani tulipaita Kitalu cha Wadogo, akasema.
Padri hakuwataka kwenye makaburi yake,
walikuwa hawajaguswa na maji.
Baba alimbeba dada yangu usiku, ndani ya sanduku la siagi.
Mimi nilishika taa. Nilikuwa na miaka sita.
Nilidhani tunakwenda kupanda kitu.

Hakuna aliyekohoa.
Kisha Malachy, akiongea na kikombe chake: Sisi wawili wetu wako pale.
Kisha yule mama wa posta: Mmoja.
Kisha sauti toka mlangoni, sikuona ni ya nani:
Sijui ni wangapi. Mama hakusema.

Mkono ulitaka kutetemeka, nikaukataza.
Niliandika polepole, kwa herufi zangu nzuri za kigeni,
lakini jina lilikuwa refu kuliko shamba.
Likavuka ukuta,
likaingia kwenye nyasi za Malachy Tuohy,
naye akalitazama likiingia,
wala hakubishia mpaka.