Bashrafu Moja, Nakala Tatu

Ijumaa, watu wakishatoka msikitini,
naifunika cherehani kwa kanzu
ambayo mwenyewe hajaja kuilipia,
navuta mlango nusu,
nao wanaingia.

Ussi Shaame na santuri aliyoivika foronya,
kaibeba kwa mikono miwili kama mtoto aliyelala.
Bi Mize Khatib na kaseti ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Mimi nina simu tu, na ndani ya simu
alichonirushia mpwa wangu kutoka Maskati:
Mjomba, nimeisafisha. Hutasikia tena mkwaruzo hata mmoja.

Kitu chenyewe ni kimoja.
Bashrafu ya rasti, khana nne,
na taslimu inayorudi kila mara
kama mtu aliyesahau ufunguo.
Haina maneno. Ndiyo maana sisi tunayo mengi.

Tunaanza na Ussi, kwa umri na kwa ubishi.
Gramafoni naitia tone la mafuta ya cherehani.
Sindano inatua, inamwaga kwanza changarawe,
kisha fidla zinachungulia, moja, mbili, zote.
Khana ya tatu santuri ina kovu:
udi unaruka, kama mtu anayekwepa kidimbwi
akaendelea na safari.
Ussi kaisikia hivyo miaka thelathini na sita.
Ukimpigia nakala isiyo na kovu
anatikisa kichwa: "Hapo wameongeza."

Kaseti ya Bi Mize ina mvua.
Ilinakiliwa Kengeja, mashine mbili juu ya mkeka
zikitazamana kama wacheza bao,
masika yakipiga bati,
na khana ya pili jogoo wa jirani akaingia,
hakuijua rasti wala hakuiuliza,
akatoka bila kuomba radhi.
"Msikilizeni wa ganuni," Bi Mize anasema. "Ana hasira na mtu."
"Si hasira. Waya umelegea."
"Miaka arubaini nimezalisha wanawake Wete hii, hasira naijua."
"Waya, Bi Mize."
Kahawa ikapoa. Nikawarudishia nyuma mara saba,
kwa penseli, maana mashine yangu hutafuna.
Mara ya tano niliisikia hasira.
Mara ya saba, waya.

Kisha simu.
Fidla zikaja zimeoga,
ganuni kila waya mahali pake,
na kimya cha katikati kimepigwa pasi.
Safi. Safi kama mwiba alioumaliza paka.
Ussi akasema wameongeza.
Bi Mize akainamisha sikio,
akaingoja khana ya pili, ikapita.
"Jogoo wangu yuko wapi?"

Sikumjibu.
Sikumwambia kwamba ni kaseti yake hiyo hiyo,
niliyoiazima mwezi wa Rajabu,
kijana akainyonya kwenye kompyuta usiku mmoja kabla ya ndege.
Wala hakuna aliyeuliza jingine,
ingawa sote watatu tulikuwa tumesogeza vigoda
tukingoja mwisho, baada ya taslimu,
pale mvua inapobaki peke yake
na Maalim Asaa, aliyenakili, aliyetutoka mwaka juzi,
anakohoa kidogo na kusema,
kama kwa mtu aliye karibu:
Haya, geuza.

Simu ilifika mwisho, ikanyamaza.
Hapakuwa na wa kutuambia.

Bi Mize akaichukua kaseti, akaipuliza, akageuza.
Upande wa pili hauna kitu, tunajua.
Alibonyeza, akasahau. Muziki ulikwisha, yeye yumo bado:
mkeka, kijiko kwenye kikombe,
mlango wa uani,
mvua ikipungua.
Tuliusikiliza mpaka adhana ya alasiri,
na Ussi Shaame, macho kayafumba, akasema
hapo hawajaongeza kitu.