Dakika Kumi, Naftalan

Beseni namba saba. Mafuta ghafi, moto wa mwili,
meusi ukiyatazama, kahawia yakichuruzika.
Sudaba anashuka taratibu, goti la kushoto kwanza,
lile lililopanda ngazi za mnara wa kukenekea
miaka thelathini na minne, huko Baku,
chupa za sampuli zikigongana mfukoni.

Aytaj anapindua saa ya mchanga.
"Dakika kumi, Sudaba Khanum. Zikizidi, moyo unalalamika."
Kisha, akijifanya anakunja taulo:
"Jumatatu nina mtihani. Kemia. Nimeshaanguka mara moja."

Nani afundishe, kama si aliyezama somoni hadi shingoni?

Sudaba anainua mkono. Mafuta yanaufuata,
yanasita kiwikoni, yanarudi.
Anakunja kidole gumba. "Hesabu."
Vinne.
"Kaboni ndiyo hiyo. Mikono minne, na haipendi hata mmoja ukae bure.
Haidrojeni ina mmoja tu, maskini; ikishika imeshika.
Kaboni moja, haidrojeni nne: methani,
ule moto wa buluu chini ya birika lenu.
Kaboni mbili zikishikana, ethani. Tatu, propani. Nne, butani.
Zikifika nane ni majimaji, unazinusa kwenye pampu barabarani.
Ishirini, thelathini, zinazubaa: ndiyo nta, ndiyo mishumaa.
Kanuni usiikariri, ione.
Kila kaboni na haidrojeni zake mbili, ubavu huu na ubavu huu,
kisha ongeza mbili: moja kichwani, moja mkiani."

"Na haya?" Aytaj anachovya kidole.

"Haya mengi yake ni pete. Mnyororo umejiuma mkia.
Kichwa hakuna, mkia hakuna,
zile mbili za nyongeza zimekosa pa kukaa.
Kaboni sita, haidrojeni kumi na mbili. Andika."

Karatasi hana. Anachora kwenye kigae cheupe
pembe sita, kwa kidole kinachodondoka.
Upande wa chini unachuruzika;
pete inafunguka yenyewe, inashuka hadi sakafuni.

Mchanga umefika nusu.
Sudaba amefumba macho: tanuri, nyuzi mia tatu na hamsini,
mvuke unapanda, kila kundi likishukia orofa yake,
petroli juu, halafu mafuta ya taa, halafu dizeli,
na chini kabisa, kisichotaka kupanda, lami.
Hakuna mkono ulioachiliwa mle.
Walitengana tu.

Rovshan alikuwa wa chini, penye lami. Yeye, wa juu.
Walikutana getini saa kumi jioni,
kila mmoja na harufu ya orofa yake.
Alipokufa, koti lake lilinukia majira mawili ya baridi,
kisha asubuhi moja likawa koti.

"Yalitoka wapi kwanza?" Aytaj anauliza.
"Baharini. Vijidudu na vimelea vya maji, vidogo kuliko nukta ya daftari lako,
vilivyokufa vikakosa hewa ya kuozea,
vikafunikwa tope, tope likafunikwa tope.
Jua walilolinywa ndilo hili. Nilikuwa nalipima kwa lita."

Mchanga umekwisha.
Aytaj anamkwangua kwa kijiko cha kuvalia viatu,
mgongo, mapaja, nyuma ya masikio,
kisha karatasi, kisha bomba la mvua,
na maji yanajikusanya matone juu ya ngozi, yanakataa.
"Mbona hayaondoki?"
"Maji hupenda maji wenzake. Haya hayana la kuyapa.
Lete sabuni. Sabuni ina ulimi wa huku na ulimi wa huku."

Jioni, kwenye treni ya kurudi Baku,
abiria wa pembeni wamesogea kidogo, kwa adabu.
Mtoto mwenye kofia ya sufu anavuta pumzi, anatangaza:
"Mama, kuna mtu ananuka petroli!"
Mama anamfinya.

Sudaba anageuka, kwa upole, kwa usahihi wa maabara:
"Si petroli, mwanangu.
Petroli iliondoka zamani.
Hiyo huondoka ya kwanza."