Nyuma ya Sanduku la Pili

Gemu limerudi. Si lile, mfano wake.
Limefinyangwa upya na watu nisiowajua,
wapenzi tu, hawalipwi hata senti,
kila mmoja na usiku wake baada ya kazi,
huyu akichonga ngazi, yule akipaka pipa rangi,
mpaka bohari lote likasimama.
Mcha kaniletea habari kutoka Wete:
"Pakua, yakhe. Bando juu yangu."

Nimeingia saa saba usiku, watoto wamelala,
nimevaa hedifoni kama mwizi avaavyo soksi.
Vidole vikaikumbuka njia kabla yangu:
kushoto penye mapipa, ngazi kumi na mbili,
inama, dirisha, risasi.

Wamejitahidi. Kutu ipo getini.
Kivuli cha feni kinazunguka sakafuni.
Lakini ukuta wa mashariki wameuziba.
Pale palikuwa na ufa, kosa la mafundi wa mwanzo,
unywele mmoja wa mwanga baina ya tofali na tofali,
na Salha binti Ussi, miaka kumi na minne,
ushungi wa skuli umemwangukia mabegani,
alikuwa akipitisha risasi humo
kama apitishaye uzi kwenye tundu ya sindano.
Wavulana tukitupa vipanya. "Anaiba!"
"Siibi. Nnaona."

Chumba chenyewe kilikuwa chini ya treni namba tatu, Michenzani.
Kompyuta sita, nzima tano.
Bwana Pandu kaketi mlangoni na daftari la dakika,
na marufuku kuua mtu adhana ikiadhiniwa.

Halafu ukaja ule mwaka wa giza.
Miezi mitatu mji ukaishi kwa mishumaa na koroboi,
jenereta zikinguruma kwa wenye nazo.
Bwana Pandu hakuwa nayo.
Alifunga mlango, akaanza kuuza mafuta ya taa.

Ndipo tukacheza kwa mdomo.
Ngazini, ghorofa ya pili, hatuonani nyuso:
"Mie nnapanda ngazi."
"Ngazi ipi?"
"Ya mapipa."
"Basi umekufa. Niko juu yake tangu jana."
Risasi zilikuwa kokwa za ubuyu,
thelathini kila mtu, ukitema moja umefyatua.
Hakuna aliyedanganya.
Au tulidanganya sote sawasawa.
Bi Bikombo wa ghorofa ya nne, ndoo ya maji kichwani,
alisimama siku moja akauliza:
"Nani kafa leo?"
"Shaame. Mara tatu."
"Basi mwambieni afufuke, mamake anamtaka dukani."

Sasa niko mbele ya ukuta uliozibwa,
picha safi, kila tofali na chunusi zake,
nnawaandikia mafundi nisiowajua
barua ya kuomba kosa:
*Ukuta wa mashariki, tofali la saba kutoka chini.
Tafadhali turudishieni ufa.*
Wiki ya pili wakajibu. Wakauliza upana.
Upana sikuujua.
Nikampigia Salha, Maskati, yuko zamu hospitali.
Akacheka, kisha akanyamaza, anapima.
"Uzi wa kushonea kofia," akasema.
"Usiwe mnene."

Ijumaa tukaingia sote wanne.
Ufa upo.
Shaame kaanza matusi yale yale, sauti tu imekuwa nzito.
Nikajibanza, nikavuta pumzi, nikamwona Mcha anakuja
na kichwa chake hakijui kitu,

mara feni ikashusha pumzi, kioo kikawa cheusi,
Michenzani nzima kimya,
kisha watoto wa treni zote: "Aaaah!"

Simu ikawaka mkononi. Salha.
"Umepotea. Uko wapi?"
Nikakaa sakafuni, mgongo ukutani,
ulimi ukitafuta kokwa isiyokuwapo.
"Nyuma ya sanduku la pili."
"Nnakuona."
"Hunioni."