Glavu Hazianikwi Juani

Msalaba mwekundu tuliufuta wenyewe
kwa tope la mtoni na ufagio wa mianzi.
Zamani ulisema: hapa pana wagonjwa.
Sasa unasema hayo hayo,
ila anayeusoma yuko juu.

Hili ni bonde la tatu tangu tuikimbie Demoso.
Milima ya Kayah imetuficha inavyoweza:
hospitali ni mianzi na turubai,
wodi ya wazazi ni handaki,
ngazi saba kushuka,
betri ya gari, taa moja,
na chura asiyelipia kitanda.

Soe Reh alikuwa daktari wa meno.
Miguu kajifunzia hapa hapa.
Wa kwanza aliukata simu ikiwa sikioni,
mwalimu wake akimwelekeza toka mbali:
"Sasa ufunge mshipa wa—"
Mtandao ukakata.
Mwenye mguu yu hai. Hutuchanjia kuni
akiwa ameketi, akiyatukana mafundo ya mti.

Damu hatuna friji ya kuihifadhi.
Tunaihifadhi ndani ya watu:
mwashi, mwalimu, muuza chumvi,
kundi la kila mmoja limeandikwa mkononi kwa wino.
Ukiita "O!" usiku wa manane
wanaamka watatu.

Kwingine watu huomba kuche vyema.
Sisi hutoka alfajiri, tukatazama juu,
na anga likiwa buluu, safi, bila doa,
mzee Pray Meh hutema tambuu, akasema:
"Leo kubaya."
Mawingu yakilala juu ya mahindi
ndipo tunapika mchana,
ndipo watoto huletwa kuchanjwa.

Jumanne mvua ilikatika ghafla,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Bu Meh alikuwa na uchungu, mimba yake ya kwanza.
Mlio ukaja kutoka kusini.
Tukamshusha ngazi saba,
naye akazihesabu kwa matusi.
Bomu moja ng'ambo ya kijito.
La pili shuleni, shule tupu,
ashukuriwe nani sijui.
Udongo ukatunyeshea.
Nikainama, mgongo wangu ukawa paa
la kichwa kilichokuwa kikitoka.

Kitoto kikalia.
Bu Meh akakiziba mdomo, mkono ukimtetemeka:
"Nyamaza, watatusikia!"
Nikautoa mkono ule, kidole kwa kidole.
"Ndege haisikii, dada.
Ndege ina macho tu.
Mwache alie."
Akalia. Akalia hata chura akahama.

Jioni nikafua glavu, jozi kumi na moja,
pakiti yake yasema zitumike mara moja.
Nikazianika chini ya mti, kivulini,
vidole vyeupe vikining'inia.
Juani zingekauka kwa saa moja,
na zingeonekana kwa saa hiyo moja.

Bu Meh bado anatoka damu kidogo.
Soe Reh anaulizia nyuzi.
Kule magharibi pana kiwingu,
labda chatosha kufunika paa moja.