Weka Mahali Pakavu

Usiku wa tatu huu nimekaa na kompyuta mezani,
kati ya sukari na risiti za chakula cha ndama.
Nje, upepo wa Nebraska unapekua vilima vya mchanga
kama mtu aliyepoteza ufunguo.
Wendell amelala na soksi zake. Ng'ombe wanazaa;
saa nane ataamka akawaangalie.
"Chagua wewe," aliniambia, "mimi nitalipa."
Neno jepesi kwa anayelitamka.

Shule yetu ya chumba kimoja ilifungwa mwezi wa tano.
Basi la mjini ni saa moja na robo kwenda,
saa moja na robo kurudi,
na Orrin, miaka tisa, hushuka akiwa ameumeza ulimi.
Herufi zinamgeuka. B humpa mgongo, D humcheka.
Humo ndani ya basi walimpa jina. Sitaliandika.

Ya kwanza ina tai na msalaba juu ya ukurasa,
na watoto wenye meno kama vikombe vipya.
Masomo yamerekodiwa; mwalimu hakohoi, hakosei.
Nikamwekea Tirza somo la nyota.
Akasikiliza hadi mwisho, kidevu mkononi.
"Mama, amejibu swali ambalo sijauliza,
na langu hakuna mahali pa kuliuliza."
Ana miaka kumi na mmoja. Usiku wa baridi
hulala chali juu ya gari la baba yake
akihesabu kazi ya Mungu bila ruhusa ya mtu.

Ya pili ni rahisi, na hapo ndipo mtego ulipo:
ukitaka hesabu, ongeza; ukitaka masahihisho, ongeza.
Nilipojumlisha, tulikuwa tumeuza ndama wawili.
Ungamo lao la imani lina kurasa nne.
Nililisoma lote. Nilikubali karibu lote.
Sikuona mstari unaosema
mtoto akichelewa, wao hufanyaje.

Ya tatu haikuwa na picha. Ilikuwa na nambari ya simu.
Leo mchana nikapiga, nikitarajia mashine;
akaitika mwanamke, birika likilia nyuma yake,
Coralie Strand, anafundisha kusoma akiwa kwake Tennessee.
Nikamwaga yote. Sikupanga kulia.
"Mwite," akasema. "Alete chochote chenye maandishi,
ila kisiwe kitabu."

Orrin akaja kutoka ghalani akikokota gunia tupu.
Akalitandaza sakafuni, akapiga magoti,
simu kando ya goti.
"Chakula. Cha. Ndama.
Weka. Mahali."
Akakwama.

Nililijua neno. Lilinijaa mdomoni kama maji ya moto.
Mara ngapi nimemmalizia, nikidhani ndio upendo!
Simu ilinyamaza,
si kimya cha mtandao kukatika,
kimya cha mtu aliyepo.
Jokofu likaanza kunguruma, likaacha.
Niliuma kidole.
"Pa... pakavu."
"Pakavu," akasema yule mwanamke,
kama anayepokea kikombe kwa mikono miwili.
"Sasa niambie, kwa nini pakavu?"
Na mwanangu, bubu tangu Agosti,
akamweleza habari za ukungu na matumbo ya ndama
hadi birika la Tennessee likapoa.

Basi fomu iko wazi mbele yangu.
Bei si ndogo. Theluji ikizidi, setilaiti yetu hukatika.
Tirza kabla ya kulala alisimama ngazini:
"Na mimi je? Atanisikiliza juu ya nyota?"
Sijui, nikamwambia. Jina la mdogo wako nimeliandika.
Lako nimeliachia nafasi.
Kesho utapiga mwenyewe.

Saa nane. Wendell anatafuta buti gizani.
Amekanyaga gunia, ameinama kulikunja.
"Hili nalo linafanya nini hapa?"
Liache, nasema.
Hapo ni pakavu.