Jina la Nyumbu

Mwezi wa kumi walimfunga mzee Haskell kwa waya wa runinga,
wakachukua dawa zake za mgongo, saa ya marehemu mkewe,
na kile kitrekta cha kukatia nyasi.
Kutoka kwake hadi kwetu ni maili mbili za vilima vya Missouri.
Kutoka kwa sherifu, hata akikimbiza gari, dakika arobaini.
Baba alipiga hesabu hiyo nyuma ya bili ya umeme
akaipigia mstari.

Akanunua makomeo ya chuma na skrubu za inchi tatu,
akabadili bawaba za mlango wa jikoni,
akatundika makopo matupu chini ya dirisha la stoo.
Bibi Opaline, mzaa mama, akasema, "Verlin,
umeigeuza nyumba mtego wa panya,
na panya ni sisi."

Tukafanya mazoezi.
Filimbi ikilia, Mama simu, halafu ngazi.
Mimi, Tansy, miaka kumi na mitatu, nimshike Orrin mkono
wala nisirudi kumchukua paka.
Ngome ni chumba cha Bibi, maana mlango wake ni wa mwaloni;
kabati tulisukume nyuma ya mlango,
Bibi kitandani akilalamikia zulia lake.
Sekunde hamsini na tano. Tena.
Arobaini na nane. Tena.
Usiku wa nane Orrin alilia,
akaomba walau mara moja awe yeye mwizi.

Bunduki waliibishania garini, vioo vimepandishwa,
nikaona midomo tu.
Mama ndiye aliyeshinda. Ikabaki sandukuni,
ufunguo kwenye cheni shingoni mwake, pamoja na msalaba,
vikigongana kila akikanda mkate.

Kisha maneno ya siri, kila mtu na lake.
Langu nalihifadhi hadi leo.
La Orrin, Baba alimnong'oneza amepiga magoti:
"Mtu akikwambia toka, hata kwa sauti yangu,
hata akilia,
usitoke mpaka alitaje jina la nyumbu wa babu yako."
Nyumbu wa kulimia, aliyekufa miaka mingi kabla yetu.
Mwizi gani angeliokota wapi jina kama hilo?

Februari, saa tisa usiku, kioo cha baraza kikapasuka.
Filimbi ilikuwa kwenye koti, koti lilikuwa garini.
Makopo hayakulia.
Mkono wa Orrin nilikuwa nao, kisha
nilikuwa nimeshika mkono wa pajama,
kisha hewa.

Sherifu alikuja na taa zake za buluu juu ya theluji,
akainua pande la barafu, nene kama paja.
"Limeanguka kutoka paani."
Baba akamwonyesha unyayo karibu na lango.
Mmoja tu. Sherifu akautazama sana,
akaandika kitu, akaondoka.

Na Orrin hayupo.
Chini ya vitanda, ndani ya mashine ya kufulia, darini.
"Ni mimi. Orrin, ni Baba. Kumekwisha, toka."
Nyumba ikajibu kwa kimya,
kile kimya cha mtoto anayetii.

"Basi sema hilo jina," Mama akasema.
Baba akafungua mdomo, akaufunga.
Lilikuwa limemtoka.

Akaketi sakafuni, mgongo ukutani,
akaanza na mbwa: Badger. Queenie. Yule aliyegongwa na lori la maziwa.
Akaingia kwa ng'ombe, mmoja mmoja, kwa mistari ya banda lao:
Mabel, Dot, Mabel wa pili.
Jogoo mwenye jicho moja. Farasi wa kukodi.
Sikuwahi kujua kwamba aliwapenda wote hao.
Dirisha lilikuwa linaanza kijivu
aliposema, kama anayeota, "Cordelia."

Kapu la nguo chafu likainua kifuniko.
Orrin akatoka na soksi begani,
uso una alama za ufito,
akamuuliza Baba,
"Sekunde ngapi?"